Kurasa Nne za Mwisho

Walituapia: hawatabadilisha hata nukta.
Tukaguna. Nani asiyewajua watu wa sinema?
Wangempa Maguli nywele za dhahabu,
wangempa yule nyumbu macho.
Chiatura nzima ilikuja ukumbini na kisu,
si cha chuma, kile kinacholala nyuma ya meno.

Nilikaa safu ya tano, ubavuni pa Lamara wa duka la dawa,
aliyepakata nakala yake, uti wa kitabu umefungwa plasta,
kama mkaguzi na daftari la madeni.

Taa zikazimwa.
Na tazama: koti lenye upungufu wa vifungo viwili.
Vumbi jeusi la mgodi juu ya ndoo ya maziwa.
Gari la waya likiyumba juu ya bonde,
na kutu yake, na mlango wake mkaidi,
na Maguli akihesabu nguzo kwa kukosea:
nne, tano, saba.
Lamara akapapasa ukurasa gizani.
"Saba," akanong'ona. "Ndiyo. Saba."

Akatoka Pilpili, nyumbu kipofu wa mgodini,
aliyepewa jina la pilipili kwa ukali wa mateke,
sikio moja pungufu,
akapiga chafya palepale anapopiga chafya.
Ukumbi ukacheka kicheko kilichowekwa akiba miaka arobaini.

Mimi nilikisikia kitabu hiki nikiwa na miaka mitano.
Umeme ulikuwa umetukimbia msimu wa pili,
magari ya waya yameganda hewani, matupu,
theluji imeyakalia kama abiria.
Homa ilinilaza chini ya makoti matatu.
Anzori, kaka yangu, miaka kumi na mmoja,
alisoma kwa kibatari hadi pua ikajaa masizi.
Maguli alimpa sauti ya mama,
msimamizi wa mgodi akampa sauti ya mwalimu wa hesabu.

Na mwisho, nakumbuka, aliusoma polepole, akisitasita:
Pilpili anapandishwa gari la waya,
anavuka bonde asiloliona,
ng'ambo ananusa majani mabichi,
anakojoa kwa furaha.
Ndiyo, anakojoa. Hapo nilidai arudie
usiku wa kwanza, wa pili, wa tisa.

Nilipokua sikukifungua tena.
Nani hujisomea jina lake kila asubuhi?

Basi nikangoja gari la waya.
Kamera ikateremka shimoni.
Maji tone, tone. Maguli akiita.
Kamba ikamrudia mkononi,
nyepesi.

Na watu mia tatu, vikongwe na vitoto,
hata yule mlinzi wa mlangoni mwenye kikohozi,
wakaitamka pamoja naye sentensi ya mwisho:
*Giza alilijua yeye; aliyepotea ni mimi.*

Midomo yote ilitembea.
Wangu ulibaki wazi, kama wa mgeni
kwenye sala ya watu wengine.

"Neno kwa neno," Lamara alilia, akinikumbatia.
"Hawakutusaliti."
Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Nyumbani nikakitoa kitabu sandukuni.
Kurasa nne za mwisho: zimekatwa kwa wembe,
mkato ulionyooka, wa mtoto mwenye subira.
Maisha yangu yote nilidhani ni panya.

Nikampigia. Yuko Poland, huendesha lori,
saa hizo kaliegesha pembeni mwa barabara kuu.
"Uliniongopea," nikasema, nikamweleza.

Kimya. Lori la mwingine likapita, refu.
"Ulikuwa unaungua," akasema,
"na jiko limezimika, kuni mbichi.
Kurasa nne zilitosha kuziwasha."

Kisha, baada ya kupiga mwayo:
"Ina maana kwenye filamu hakojoi?"

"Hakojoi."

"Basi wamekosea."